Lita Mia Mbili Sabini na Sita

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo na watoto, na kwamba ule mguu uliokuwa ukikusumbua umetulia. Mimi ni mzima. Baba yupo. Nasema yupo kwa sababu siwezi kumwita mzima mtu anayesikia kwa sikio moja tu, la kulia, na daktari ameshasema hilo nalo lina miezi, halina miaka. Anakula kidogo. Anakaa kwenye kiti chake getini anahesabu malori yanayoingia na kutoka. Salamu hakukutumia, maana sijamwambia kama nakuandikia.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Ningepiga simu ungesema mtandao unakatika. Mwaka huu umekatika mara mbili, na mara zote mbili ulikatika nilipotaja yadi ya zamani. Karatasi haikatiki. Na nakujua, huwezi kuweka chini karatasi yenye tarakimu kabla hujafika mwisho.

Nianze na habari njema. Mwezi wa pili nilinunua lori la tatu. Ni la mnada, lina umri wake, lakini injini inakohoa asubuhi tu, halafu inakaa sawa. Unajua nilikoanzia: miaka minne kushika mpira wa pampu kituoni, viatu vinanuka dizeli hata nikiwa harusini. Kisha karani wa mafuta, kisha lori moja la ubia na mtu aliyenikimbia, kisha la pili. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hilo sikulaumu, nalitaja tu, maana barua hii ina lawama nyingine na sitaki zichanganyike.

Lori hili la tatu ni ndugu wa lile la Baba. Kiwanda kilekile, injini ileile, hata ule mlio wa gia ya tatu kama mtu anayekunja bati. Siku niliyolileta Baba aliinuka kitini, akaishika taa ya mbele kama mtu anayemshika mtoto kidevu, akarudi kukaa. Kwenye kisanduku cha mbele kulikuwa na kijitabu cha lori kilichotoka nalo kiwandani, kimechakaa lakini kurasa zote zipo. Humo wameandika kwamba likibeba mzigo kamili linakwenda maili saba kwa galoni moja. Saba. Nadhani namba hiyo unaikumbuka.

Mimi madereva wangu nawapima kwa lita kwa kila kilomita mia, maana barabara zetu zina kilomita na pampu zetu zina lita. Nikageuza palepale, kichwani. Maili saba ni kilomita kumi na moja na robo na chenji kidogo. Galoni ni lita tatu nukta saba nane tano. Basi kilomita mia zinataka lita thelathini na tatu nukta sita. Nikaiandika kwa kalamu nene, nikaibandika ukutani: 33.6. Lori nikampa dereva mmoja mtu mzima tunayemwita Mpole. Mwezi wa kwanza akarudi na arobaini na nusu. Mwezi wa pili, arobaini nukta tatu.

Nilimwita ofisini. Nikamwuliza hizo lita saba katika kila kilomita mia zinakwenda wapi, zinapaa mbinguni? Nikamwuliza kama kwao siku hizi wanapikia dizeli. Wenzake walikuwa dirishani wanacheka, mmoja akasema kumbe ndiyo maana Mpole ngozi inang'aa. Mpole hakupandisha sauti. Alisema, "Bosi, hesabu yako iko ukutani, lori liko barabarani. Jaza tangi mwenyewe, panda, twende ukaone."

Barua ya kumfukuza ilikuwa tayari mezani, imebaki sahihi. Lakini mimi ni mtu wa kushika kitu kwa mkono. Nikapanda.

Tulijaza tangi mpaka shingoni, lori likiwa na mzigo wake wote, tukafunga kifuniko kwa waya na lakiri niliyoitia mwenyewe. Nikakaa pembeni yake na daftari. Kilomita hamsini kwenda, hamsini kurudi, hakuna kusimama, hakuna kuzima. Tukarudi pampu ileile, tairi kwenye alama ileile ya chaki ili lori lisiinamie upande mwingine, tukajaza tena mpaka shingoni. Pampu ikasoma arobaini nukta nne. Nikasema turudie. Tukarudia siku ya pili. Arobaini nukta tano. Mpole alishuka, akaniuliza kama nataka na ya tatu au sasa anaweza kwenda kula.

Nikakaa kwenye ngazi ya lori na kile kijitabu, nikakisoma kuanzia jalada. Ndani ya jalada, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, wameandika kwamba galoni zote za humo ni za Kiingereza, lita nne nukta tano nne sita. Baba Mdogo, galoni ziko mbili. Hiyo ya Kiingereza, na ya Kimarekani, ambayo ndiyo lita tatu nukta saba nane tano. Ukichukua kijitabu cha Waingereza ukakigeuza kwa galoni ya Wamarekani, kila anayeshika usukani wa lori lile anakuwa mwizi kabla hajawasha injini. Mwizi wa lita sita na robo tatu kila kilomita mia, mvua inyeshe jua liwake, hata awe malaika. Ukiigeuza kwa galoni yake halali inatoka arobaini nukta nne. Ile niliyoisoma kwenye pampu.

Nilimwomba Mpole radhi mbele ya wale wale waliokuwa dirishani. Nikaichana ile barua. Halafu nikabaki palepale kwenye ngazi mpaka mafundi wakadhani naumwa.

Sasa turudi nyuma miaka kumi na tisa. Nakukumbusha si kwa sababu umesahau, ila nataka yawe yameandikwa mahali.

Wewe ulikuwa karani wa yadi. Baba alikuwa dereva, na ndiye aliyekuombea hiyo kazi. Alikupeleka kwa meneja wa kwanza amekuvalisha shati lake mwenyewe. Akaja meneja mpya, akaona mafuta yanakwenda kasi, akaagiza kila lori lipigiwe hesabu. La Baba likatoka hivi: kilomita elfu nne kwa mwezi, lita alizochukua elfu moja mia sita na ishirini, lita alizopaswa kutumia elfu moja mia tatu arobaini na nne. Zimezidi lita mia mbili sabini na sita. Madumu kumi na manne kasoro lita nne. Meneja aliyataja hivyohivyo, kwa madumu, ili kila mtu ayaone yamepangwa.

Baba aliomba kitu kimoja. Aliomba wamjazie tangi, mtu wa ofisini apande naye, waende, warudi, wapime. Meneja akakutazama wewe. Na wewe, Baba Mdogo, ulisema hesabu imeshahakikiwa na lori lina kazi, halina muda wa matembezi. Kijitabu cha lori lake kilikuwa kwenye droo yako. Jalada lake lilikuwa hapo, na wewe ulikuwa na macho mawili.

Alirudi nyumbani mchana, amebana kwapani ule mto wake wa kukalia. Mama akamwuliza mbona mapema, akasema lori limeharibika. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua. Wakampa jina, Mzee Mpira, kwa ule mpira wa kunyonyea mafuta. Watoto wakipita walikuwa wanafyonza mashavu. Aliziba pancha miaka kumi kwenye kona ambayo malori ya yadi yenu yalikuwa yanapita, na hakuna hata moja lililosimama kwake. Wewe ulipewa ofisi yenye feni.

Hayo nilikuwa nayajua. Nisiyoyajua nimeyapata mwezi huu. Nilipotoka kwenye ile ngazi nilikwenda getini nikamwuliza Baba kama kuna karatasi yoyote aliyobaki nayo tangu siku ile. Nilitaka tu namba, nizipime upya. Akatoa leseni yake ya zamani kwenye mfuko wa shati. Humo ndani, imekunjwa mara nne, mlikuwa na ile karatasi yenyewe ya hesabu, aliyopewa na meneja siku ya kusaini kufukuzwa. Miaka kumi na tisa ameibeba juu ya moyo.

Nikazipima namba palepale, juu ya goti. Kwa galoni halali, lori lake lilipaswa kutumia lita elfu moja mia sita na kumi na nne na nusu. Yeye alitumia elfu moja mia sita na ishirini. Mwezi mzima, milima yote, foleni zote, Baba alizidisha lita tano na nusu. Ndoo moja ya kufulia haijai. Namba safi hivyo nimeziona kwa Mpole tu, na nimeajiri kumi na wanane.

Halafu nikaona mkunjo. Karatasi ile ina mikunjo minne ya Baba, lakini ina na wa tano, wa zamani kuliko yote, uliopita juu kabisa, chini kidogo ya mstari wenye namba ya lori na jina la dereva. Kuna mtu aliyeukunjia mstari ule kwa nyuma, akaupitishia ukucha. Unamjua. Alikuwa anampelekea karatasi mtu ambaye hakutaka auone.

Basi nimfikie huyo mtu, maana nimemzunguka vya kutosha.

Chini ya karatasi pana sahihi yako, "imekokotolewa na kuhakikiwa na karani wa yadi". Lakini hesabu si mwandiko wako. Saba zake zina mstari katikati, na nukta zake ni nzito kama punje ya mtama. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuja nyumbani saa kumi jioni, Baba yuko safarini, ukaniita kwa lile jina lako, ukasema, "Kikokotoo, nisaidie hii, ni mambo ya kazini tu." Ulinipa karatasi iliyokunjwa juu na kipande kidogo ulichoandika maili saba kwa galoni. Kijitabu hukuja nacho. Mimi galoni niliijua kutoka kwenye kile kitabu cha msaada cha maktaba ya shule, kikubwa, chenye picha za watoto waliovaa viatu vya magurudumu, kilichotoka Marekani kwenye makasha. Nilikuwa nimekariri ukurasa wake wote wa vipimo, na nilijiona. Nilimaliza kabla hujamaliza chai. Wiki iliyofuata uliniletea mkebe wa hesabu mpya, wenye bikari na rula. Ninao mpaka leo, uko mezani hapa ninapoandika.

Umeishi ukidhani sikujua ilikuwa ya nani. Nilijua. Siku ya tatu baada ya Baba kufukuzwa, Mama alimwuliza hasa wamesema ngapi, naye akajibu mia mbili sabini na sita. Nilikuwa naosha vyombo. Nilikwenda chooni nikaipiga upya ukutani kwa kipande cha mkaa, mara tatu, nikaifuta mara tatu. Ilitoka ileile. Na sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu: sikunyamaza kwa woga. Nilinyamaza kwa sababu ilitoka ileile. Hesabu ilikuwa sawa, kwa hiyo Baba alikuwa mwizi. Niliona aibu kwa ajili yake, na pembeni ya aibu, kadogo, nilijivuna kwamba sikukosea.

Nimemlea hivyo. Nilipofungua yadi aliniomba nimpe kazi ya tangi la mafuta, alisema dizeli anaijua kuliko wote. Nilimweka getini, mbali na tangi, na ufunguo nikauvaa shingoni. Miaka sita nimepita mbele yake kila asubuhi na ufunguo ule unagonga kwenye vifungo vya blauzi yangu. Hakuuliza. Wewe ulimtoa kwenye lori mara moja, Baba Mdogo. Mimi nimemtoa kila siku.

Nilipiga magoti kwenye sikio lake la kulia nikamwambia yote: galoni mbili, kitabu cha msaada, mkono uliopiga hesabu ile ulikuwa wangu. Nilijiandaa anipige au alie. Alisema anajua. Alisema siku ile aliingia kwa meneja amejipanga kuuliza nani kapiga hesabu hii, aje hapa aipige mbele yangu. Meneja akaisukuma karatasi mezani, na yeye akaziona saba. Akachukua kalamu, akasaini.

Ningependa niseme alisaini kunificha. Ningejua namna ya kulibeba hilo. Lakini nilimwuliza, naye hajui kusema uongo, ndiyo maana lori lilimharibikia siku moja tu. Alisema aliziona saba zangu akawaza, yule mtoto hakosei. Basi kama anasema mafuta yamepungua, yamepungua, na kama si mimi, kuna mtu ananinyonyea tangi nikilala. Na aliyelala naye kwenye lori lile alikuwa mtu mmoja tu, utingo wake, yule mfupi aliyekuwa anakimbia na gogo kuliweka nyuma ya tairi kila mlima. Walikuwa pamoja miaka kumi na mmoja. Baba alimfuata siku ileile akamwambia maneno ambayo hakutaka kunirudia. Hawakuongea tena. Aliamini hesabu yangu kuliko kumbukumbu yake, na kuliko rafiki yake.

Nilipomaliza kueleza hakuuliza kuhusu jina lake, wala yadi, wala wewe. Aliuliza kitu kimoja: kwa hiyo hakuiba? Nikasema hakuiba, Baba, hakuna aliyeiba. Akauliza kaburi lake liko wapi. Unajua liko wapi. Ulikuwa kwenye maziko, mwaka wa nne sasa. Baba alikataa kuja, na mimi nikaona amefanya vyema kutopeleka aibu yake mbele ya watu wa yadi.

Kwa hiyo nakuomba, na ulisome neno "nakuomba" kwa sauti ambayo nimeliandikia. Mjane wake bado anakaa ile nyumba ya mlango wa bluu nyuma ya soko. Jumapili hii saa nne asubuhi nampeleka Baba kwake, kwa lori, na atakaa mbele. Nataka uwepo. Mimi nitasema langu, la saba na galoni. Wewe utasema la mkunjo, na la tangi ulilokataa lijazwe. Utasimama upande wa kulia wa Baba ili asikie kila neno, maana likishafunga hilo sikio hakuna tena wa kumwambia. Sihitaji uniambie kwamba ulikuwa unalinda kazi yako, au kwamba hukujua galoni ziko mbili. Hata mimi sikujua. Lakini mimi sikukunja karatasi.

Usipokuja nitakwenda na karatasi yenyewe, na nitamwonyesha mjane mkunjo wa tano, na nitamwambia ukucha ulikuwa wa nani.

Msalimie Mama Mdogo, mwambie vitambaa alivyoniagiza nimevipata. Wasalimie watoto, na yule mdogo anayependa hesabu mwambie asome jalada la ndani.

Jambo la mwisho. Jana niliuvua ufunguo wa tangi nikampa Baba. Aliushika muda mrefu kwenye kiganja, halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama hesabu za mafuta nitaendelea kupiga mimi. Nikamwinamia sikioni nikamwambia hapana, Baba, sasa tutakuwa tunapima.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Kikokotoo.